Siku ya kwanza Hanoi: mwongozo kwa mwanafunzi mwenye pesa za kuhesabu

Mji wa Hanoi una watu zaidi ya milioni 8, na asubuhi unaweza kudhani wote wametoka na pikipiki kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anayefika kwa mara ya kwanza, awe amekuja kwa muhula mmoja, kwa mkutano au kwa matembezi tu kabla chuo hakijafunguliwa, mara nyingi ana orodha ndefu ya vivutio kwenye simu na siku chache za kuvimaliza. Ushauri wangu ni uiweke orodha hiyo kando kwa siku moja. Siku ya kwanza jifunze mambo matatu: kuvuka barabara, kuhesabu pesa na kuagiza chakula. Yote unaweza kuyajifunza kwenye eneo dogo la Mji wa Kale lililo kati ya Ziwa Hoan Kiem na soko la Dong Xuan, ambalo kwa miguu hulimalizi kwa zaidi ya nusu saa toka upande mmoja hadi mwingine. Ukishayaweza hayo, sehemu nyingine za Vietnam utakwenda mwenyewe bila kumtegemea mtu.

Hatua ya 1: Maandalizi ya nyumbani

Tangu tarehe 15 Agosti 2023, Vietnam inatoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, ya hadi siku 90. Ada ni dola 25 kwa kuingia mara moja na dola 50 kwa kuingia na kutoka mara nyingi. Omba kwenye tovuti ya serikali yenye mwisho wa .gov.vn. Ukitafuta ovyo mtandaoni utakutana na tovuti za mawakala zilizopambwa zifanane na ya serikali, nazo hutoza mara mbili au tatu. Andika majina yako yote kama yalivyo kwenye pasipoti, la kati likiwemo, kisha chapisha viza kwenye karatasi. Kadi ya homa ya manjano iweke pamoja na pasipoti.

Shilingi zetu, ziwe za Kenya, Tanzania au Uganda, huko huwezi kuzibadilisha. Nenda na dola safi, zisizokunjwa wala kuandikwa. Kama unatoka Afrika Mashariki na chaja zako zina pini tatu bapa, nunua adapta kabisa, kwa sababu soketi za Vietnam ni za pini mbili. Umeme wao ni volti 220, kwa hiyo simu na kompyuta hazina shida.

Kuhusu nguo, usiamini kwamba Asia yote ni joto. Juni hadi Agosti Hanoi ni joto la kukulowesha shati na mvua za ghafla. Januari na Februari kuna baridi yenye unyevu, na nyumba nyingi hazina vipasha joto, kwa hiyo sweta unalihitaji hata ukiwa ndani. Kama tarehe zako zinaangukia Tet, mwaka mpya wao wa mwishoni mwa Januari au wa Februari, jua kwamba maduka na migahawa mingi hufungwa kwa siku kadhaa na watu hurudi vijijini kwao.

Hatua ya 2: Uwanja wa ndege wa Noi Bai

Uwanja uko karibu kilomita 27 kaskazini ya mji. Kabla hujatoka nje, fanya mambo mawili humo ndani.

La kwanza ni laini ya simu. Kwenye vibanda vya ukumbi wa wanaowasili, laini yenye bando la intaneti la wiki kadhaa huuzwa kama dong (pesa ya Vietnam) 200,000 hadi 300,000, na lazima uonyeshe pasipoti ndipo isajiliwe. Mtandao mkubwa ni Viettel. Msomaji wa Tanzania anaufahamu bila kujua: ndio wenye Halotel, na Burundi ndio wenye Lumitel. Hakikisha intaneti inafanya kazi ukiwa bado umesimama mbele ya muuzaji.

La pili ni kupata dong za kuanzia. Badilisha dola 20 au 30 tu, nyingine utabadilisha benki mjini.

Sasa usafiri. Wanaume watakaokufuata mlangoni wakiita "taksi, taksi" waache. Tafuta basi la rangi ya chungwa, namba 86. Linapita Mji wa Kale na kuishia stesheni ya reli, nauli ni karibu dong 45,000, mizigo unaweka ndani na kondakta anakukatia tiketi. Ukiwa umefika usiku wa manane au mko watatu wanne, tumia Grab, programu ya kuita gari au pikipiki inayofanya kazi sawa na zile tulizozoea Nairobi na Dar es Salaam. Bei unaiona kabla hujapanda. Namba ya gari ilinganishe na ya kwenye simu, maana wapo wanaojifanya ndio gari uliloita.

Hatua ya 3: Zijue noti kabla hazijakuumiza

Hili nalikazia kuliko lolote. Dola moja ni zaidi kidogo ya dong 25,000, kwa hiyo mwanafunzi aliyebadilisha dola 40 ghafla ana milioni moja mkononi, na kichwa huchelewa kuzoea. Noti zote zina sura ya Ho Chi Minh, kiongozi aliyetangaza uhuru wa Vietnam, upande wa mbele. Kubwa ni za plastiki na hushikana zikiwa mpya. Mbaya zaidi, noti ya 20,000 na ile ya 500,000 zote ni za bluu. Usiku, chini ya taa ya kibanda, mtu anaweza kulipia chai kwa noti ya karibu dola 20 na asirudishiwe chenji.

Dawa yake ni kuangalia picha ya nyuma. Noti ya 20,000 ina daraja lenye paa, la mji wa Hoi An. Ya 500,000 ina nyumba iliyozungukwa na miti, kijijini kwao Ho Chi Minh. Ya 10,000 ina mtambo wa mafuta baharini, na ya 200,000, ambayo nayo huchanganywa na ya 10,000, ina miamba ya Ghuba ya Ha Long. Keti kitandani hosteli, zipange, zitazame moja moja. Kisha zitenganishe: laki mbili na laki tano ziwe mfuko wa ndani, ndogondogo ziwe mfuko wa nje.

Bei utaziona zimeandikwa 35k au 35 tu, maana yake 35,000. Mtu akikuonyesha vidole vitatu kwa mkate, anamaanisha 30,000.

Kila kibanda, hata cha muuza mihogo, kina stika ya msimbo wa kulipia kwa simu. Wenyeji huitumia kama sisi tunavyotumia lipa namba, lakini imeunganishwa na akaunti za benki za huko. Kadi yako ya kigeni itapokelewa hotelini na kwenye maduka makubwa. Mtaani ni pesa taslimu.

Hatua ya 4: Hosteli

Chukua kitanda ndani ya Mji wa Kale au karibu na ziwa, hata kama kuna cha bei nafuu kidogo mbali zaidi. Tofauti hiyo utaimaliza kwenye nauli. Kitanda cha chumba cha pamoja hupatikana kwa dong 150,000 hadi 250,000. Mapokezi watakuomba pasipoti, kwa sababu sheria inawataka wawaandikishe wageni wote polisi. Waonyeshe, wapige picha, wakurudishie. Piga picha kadi ya anwani ya hosteli iliyoandikwa kwa Kivietnam. Vua viatu mlangoni ukiona vingine vimepangwa hapo.

Usilale. Hanoi iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa nne, na ukilala mchana utaamka saa nane usiku macho makavu. Oga, toka.

Hatua ya 5: Kuvuka barabara

Kenya, Tanzania na Uganda tunapita kushoto. Vietnam wanapita kulia, kama Rwanda, Burundi na Kongo. Kwa hiyo magari ya kwanza kukufikia yanatoka kushoto kwako, na shingo iliyozoea kutazama kulia lazima uikumbushe. Halafu tazama na upande wa pili pia, kwa sababu ukingoni mwa barabara kuna pikipiki zinazopita kinyume bila wasiwasi wowote.

Usisubiri barabara iwe tupu. Haitakuwa tupu. Anza kwenye mtaa mdogo wa Mji wa Kale, usianzie kwenye mzunguko mkubwa wa kaskazini ya ziwa ambako mitaa kadhaa inakutana. Simama ukingoni, subiri mahali ambapo pikipiki zimepungua kidogo na hakuna basi wala gari karibu. Shuka. Tembea polepole, mwendo uleule, hatua za kulingana, uso umeelekea kwa wanaokuja. Mwenye pikipiki ameshakuona akiwa mbali na ameshakadiria utakuwa wapi atakapofika, akapanga kupita mbele yako au nyuma yako. Ukikimbia, ukisimama ghafla au ukirudi nyuma, unaivuruga hesabu yake, na hapo ndipo watu hugongwa. Inua mkono kidogo ukitaka. Kwa miguu ya mtu aliyezoea kukwepa bodaboda kwa kuruka, hii ya kutembea taratibu katikati ya pikipiki arobaini inahitaji moyo, ila baada ya mara ya tatu au ya nne mwili unaelewa.

Magari na mabasi ni habari nyingine: hayakukwepi. Hayo yasubiri yapite. Ukiona bibi wa hapo anavuka, simama upande wake wa chini, mbali na magari yanakotoka, utembee naye bega kwa bega.

Njia za waenda kwa miguu zimejaa pikipiki zilizoegeshwa na vigoda vya wauza chakula, kwa hiyo mara nyingi utalazimika kutembea barabarani. Shika ukingo, na simu usiitoe huku unatembea. Ukitaka kutazama ramani, ingia kwenye mlango wa duka.

Hatua ya 6: Kula

Majina ya vyakula nimeyaandika na alama zake ili umwonyeshe muuzaji kwenye simu, kwani bila alama neno linaweza kuwa kitu kingine.

Asubuhi ni phở, supu ya tambi za mchele. Phở bò ni ya ng'ombe, phở gà ni ya kuku. Bakuli ni dong 40,000 hadi 70,000. Chagua kibanda chenye sufuria moja kubwa, chakula cha aina moja na wenyeji wengi. Kibanda chenye menyu ya kurasa nane na picha za rangi kinawahudumia watalii. Kaa kwenye kigoda cha plastiki, magoti yatakaribia kidevu, ni kawaida. Onja mchuzi kwanza, kisha ongeza ndimu na pilipili. Vijiti na kijiko viko kwenye kopo mezani, na wenyeji huvifuta kwa karatasi kabla ya kula, nawe fanya hivyo. Bánh mì, mkate wa kijazo, ni dong 20,000 hadi 40,000, na ule wa mayai ni bánh mì trứng. Maji ya bomba usinywe.

Kwa Muislamu, jambo hili linataka umakini. Nyama ya nguruwe, lợn kwa watu wa kaskazini na heo kwa watu wa kusini, iko karibu kila mahali, na mafuta yake hukaangia hata vyakula ambavyo juu ni mboga. Bún chả, chakula cha mchana ambacho Hanoi wanajivunia na ambacho Barack Obama alikila hapo Mei 2016, ni nguruwe wa kuchoma. Neno la kukuokoa ni chay, chakula kisicho na nyama kabisa, utaliona kwenye vibao vya migahawa ya Wabudha. Na uko msikiti: Al-Noor, namba 12 mtaa wa Hang Luoc, ndani kabisa ya Mji wa Kale, uliojengwa mwaka 1890 na wafanyabiashara kutoka India. Ndio msikiti pekee wa mji. Pita hapo wakati wa swala, na baada ya swala waulize waumini chakula halali kinapatikana wapi siku hizo. Hao ndio wanaojua. Mkristo atakuta Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, la mwaka 1886, hatua chache magharibi ya ziwa.

Namna ya kuita muhudumu haitakupa tabu, maana Wavietnam huitana kindugu kama sisi tunavyosema kaka, dada na mama. Mwanamke aliyekuzidi umri kidogo mwite chị ơi, mwanamume anh ơi, wa umri wa mama yako cô ơi. Ukitamka hivyo, hata kwa lafudhi ya Tandale au Kisumu, uso wa mtu hufunguka. Cảm ơn ni asante.

Hatua ya 7: Ziwa na mitaa ya bidhaa

Anza Ziwa Hoan Kiem. Ukifika saa kumi na mbili asubuhi utawakuta wazee wakifanya mazoezi, wakicheza dansi na kucheza mpira wa vinyoya. Daraja jekundu la mbao linakwenda kwenye hekalu la Ngoc Son kisiwani. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku barabara za kuzunguka ziwa hufungwa kwa magari na pikipiki, na familia nzima hutoka kutembea. Ukiweza kupanga siku yako ya kwanza iangukie hapo, panga.

Kaskazini ya ziwa ndiyo mitaa ya kale, mingi ikiwa na jina linaloanza na Hang na bidhaa iliyouzwa hapo. Hang Bac bado kuna masonara. Hang Gai ni hariri. Lan Ong unautambua kwa pua kabla ya macho: magunia ya mizizi, magome na uyoga mkavu wa dawa za asili. Hang Thiec mafundi wa mabati wanagonga barabarani, sauti ambayo mtu wa Gikomba au Gerezani ataitambua. Hang Ma wanauza pesa za karatasi, nyumba za karatasi, hata simu za karatasi, vya kuchomwa kwa ajili ya marehemu. Usipige picha za watu bila kuomba; onyesha kamera, inua nyusi, ngoja wakubali.

Wewe nawe utatazamwa. Mtu mweusi Hanoi bado anavuta macho, na wapo watakaoomba kupiga picha nawe au kunyoosha mkono kwenye nywele zako. Wengi hawana nia mbaya. Una haki ya kukataa, na kusema không, yaani hapana, huku umetabasamu kunatosha.

Hatua ya 8: Chuo cha miaka elfu

Kama una kiingilio kimoja tu cha kulipa siku hiyo, kilipe Van Mieu, Hekalu la Fasihi, karibu kilomita mbili magharibi ya ziwa. Lilijengwa mwaka 1070 wakati wa mfalme Ly Thanh Tong, na mwaka 1076 ikafunguliwa hapo shule ya kifalme ambayo Wavietnam huihesabu kuwa chuo kikuu chao cha kwanza. Kiingilio ni dong 70,000. Beba kitambulisho cha mwanafunzi uulize nusu bei, na ufike kabla ya saa tisa alasiri.

Pita nyua za mwanzo bila haraka hadi kwenye vibao 82 vya mawe vilivyobebwa na kobe wa mawe. Vimechongwa majina ya waliofaulu mitihani ya juu kabisa kati ya mwaka 1442 na 1779, pamoja na wanakotoka. Mtoto wa mkulima aliyefaulu aliandikwa hapo pamoja na mtoto wa mkubwa. Mwaka 2011 UNESCO iliviingiza kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kushika vichwa vya kobe ili wafaulu, mpaka mawe yakalika na uzio ukawekwa. Bado huja makundi kwa makundi kabla ya mitihani, na wanaohitimu huja na majoho yao kupiga picha. Kwa mtu anayeishi kwa mitihani, ni mahali pa kukaa saa nzima.

Hatua ya 9: Kahawa ya yai

Vietnam ni ya pili duniani kwa kuzalisha kahawa baada ya Brazili, na nyingi ni robusta, jamii ya ile ya Bukoba na Uganda. Ni kali. Mwaka 1946 maziwa yalipokuwa adimu, mhudumu wa hoteli ya Metropole aliyeitwa Nguyen Van Giang alipiga kiini cha yai na sukari mpaka kikawa povu zito, akaliweka juu ya kahawa. Duka la familia yake, Cafe Giang, liko namba 39 mtaa wa Nguyen Huu Huan. Mlango ni kichochoro chembamba, unaweza kukipita bila kukiona. Agiza cà phê trứng. Kikombe kinaletwa kikiwa ndani ya bakuli la maji ya moto kisipoe. Onja povu kwa kijiko kwanza, kisha koroga hadi chini.

Hatua ya 10: Jioni

Jua likikaribia kuzama, nenda Daraja la Long Bien juu ya Mto Mwekundu, la chuma, lililojengwa na Wafaransa kati ya 1899 na 1902, likapigwa mabomu ya Marekani mara kadhaa na kuungwa upya. Katikati inapita treni, pembeni pikipiki, na kando kabisa kuna njia nyembamba ya miguu. Upepo wa mtoni ni mzuri na hulipi kitu.

Usiku huo jihadhari na mambo machache. Muuza matunda anayekuwekea mti wake wa kubebea begani "upige picha" atadai pesa. Kijana anayeinama kukupaka gundi kwenye kiatu bila kuombwa atadai zaidi. Bei ya baiskeli ya kubeba abiria patana kabla ya kupanda, na ioneni wote kwenye kikokotoo cha simu. Begi livae upande wa mbali na barabara. Kukodi pikipiki siku ya kwanza usikufikirie: leseni yako ikiwa haitambuliki huko, bima haitalipa. Panda pikipiki ya Grab, dereva atakupa kofia ngumu, ambayo ni lazima kisheria tangu 2007. Namba za dharura ni 113 polisi, 114 zimamoto, 115 gari la wagonjwa.

Kabla ya kulala amua kama kesho asubuhi unakwenda kaburi la Ho Chi Minh kwenye uwanja wa Ba Dinh, alikotangaza uhuru tarehe 2 Septemba 1945. Hufunguliwa asubuhi tu, Jumatatu na Ijumaa hufungwa, na kila mwaka kuna wiki kadhaa za matengenezo, kwa hiyo waulize mapokezi usiku huohuo. Weka tayari nguo inayofunika mabega na magoti, na tega kengele mapema, foleni huanza kabla ya jua kupanda.